Kibuga na Kampala: Nani Aamue Sera ya Nyumba?

Utangulizi

Miongoni mwa hoja zinazopendwa sana katika midahalo ya Kiswahili, mashuleni na vyuoni, ni ile isemayo kwamba serikali za mikoa zipewe mamlaka kamili juu ya sera ya nyumba. Upande unaounga mkono huanza na methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Upande unaopinga nao hujibu kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwamba mzee hapa ni serikali kuu. Kuanzia hapo mdahalo hugeuka mashindano ya methali, na mshindi huwa yule mwenye sauti kubwa zaidi.

Lengo la makala hii ni kuwapa walimu na wanafunzi mfano wa kihistoria wa kuutia mjadala huo nyama. Mfano wenyewe hauko mbali. Kwa zaidi ya nusu karne mji tunaouita Kampala ulikuwa miji miwili iliyopakana, mmoja ukiwa chini ya serikali ya Himaya ya Kiingereza na mwingine chini ya serikali ya Buganda. Kila upande ulikuwa na namna yake ya kushughulikia ardhi, ujenzi na wapangaji. Kwa maneno mengine, swali tunaloulizana leo darasani liliwahi kujaribiwa papa hapa, na matokeo yake tunayaona mpaka leo tukipita Kisenyi, Katwe au Nakawa.

Tutaonyesha kwamba jibu la historia si "ndiyo" wala si "hapana" ya moja kwa moja. Mamlaka ya mkoa juu ya nyumba yanaweza kumfaa mwananchi, lakini kwa masharti mawili: kwanza, ardhi, fedha na wajibu viwe mikononi mwa chombo kimoja; pili, chombo hicho kimhesabu mpangaji kuwa mtu wake, hata kama amefika jana.

Maneno matatu ya kuanzia

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na maneno. Neno la kwanza ni kibuga. Katika Luganda, ekibuga ni mji, na zaidi ya hapo ni makao makuu ya Kabaka. Zamani Kibuga kilihama. Kabaka alipochagua kilima kingine, machifu na watu wake walihama pamoja naye, wakajenga upya kwa miti, matete na nyasi. Tangu Mwanga alipoweka ikulu yake Mengo mwaka 1885, Kibuga kilianza kutulia mahali pamoja.

Neno la pili ni kibanja. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba hili ni ndugu wa neno letu kiwanja. Sauti b ya Luganda mara nyingi hukutana na w ya Kiswahili: okuba ni kuwa, abaana ni wana. Lakini maana zimeachana. Kiwanja kwa Kiswahili ni kipande cha ardhi tu. Kibanja kwa Luganda ni zaidi ya kipande. Ni haki ya mtu kukaa na kulima juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la mwingine. Anayetafsiri "kibanja" kuwa "kiwanja" bila kufafanua amepoteza nusu ya sheria ya ardhi ya Uganda.

Neno la tatu ni muzigo, wingi wake mizigo. Mgeni kutoka pwani akisikia kwamba mtu fulani "anakaa kwenye muzigo" atashangaa, maana kwake mzigo ni kitu kinachobebwa. Mjini Kampala muzigo ni chumba kimoja cha kupanga katika safu ya vyumba, mlango kwa mlango, ambapo familia hulala, hupika na hupokea wageni humo humo. Hapa hatudai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Tunasema tu kwamba mpangaji wa chumba hicho ndiye tunayemtafuta katika makala hii, kwa sababu katika masimulizi mengi ya Kabaka na magavana yeye hatajwi.

Mji mmoja, serikali mbili

Mwezi Desemba 1890 Kapteni Lugard alipiga kambi juu ya kilima ambacho leo huitwa Old Kampala, ng'ambo ya bonde kutoka Mengo. Kambi hiyo ikawa ngome, na pembezoni mwake pakaota mji wa maofisa na wafanyabiashara. Kisha ukaja Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900. Mkataba huo uliigawa ardhi ya Buganda kwa vipimo vya maili za mraba. Kabaka na jamaa zake walipata sehemu yao, maili za mraba zilizokadiriwa kuwa 8,000 zikatengwa kwa machifu na watu binafsi 1,000, na sehemu kubwa iliyobaki ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Himaya. Ndipo likazaliwa neno mailo, ambalo chimbuko lake ni lile lile la neno letu maili. Mwenye mailo alikuwa na hati ya kudumu. Mkulima aliyekuwa juu ya ardhi hiyo kwa vizazi na vizazi akaamka siku moja akiwa mpangaji.

Mwaka 1906 Kampala ilitangazwa kuwa mji wenye mipaka yake na kanuni zake. Ndani ya mipaka hiyo serikali ya Himaya ilipanga barabara, viwanja, nyumba za Wazungu na maduka ya Wahindi. Nje yake, upande wa Mengo, Lubaga, Namirembe, Katwe na Kisenyi, palibaki Kibuga, chini ya serikali ya Kabaka na ofisa wake aliyeitwa Omukulu w'Ekibuga, yaani mkuu wa Kibuga. Mtu aliweza kuvuka barabara moja akawa ametoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine.

Ikumbukwe kwamba mipango miji ya kikoloni haikumhesabu Mwafrika kuwa mkazi wa mjini. Alichukuliwa kuwa mfanyakazi wa muda ambaye mkataba wake ukiisha angerudi kwao. Kwa sababu hiyo Waafrika wengi waliofanya kazi Kampala mchana walilala Kibuga usiku. Serikali ya Himaya ilipata nguvukazi bila kulazimika kuijengea. Mabomba ya maji, mifereji ya maji taka na barabara za lami kwa kiasi kikubwa vilikomea mpakani.

Je, serikali ya Buganda nayo ilifanya nini? Hapa wapenda ugatuzi wanapaswa kusoma kwa makini. Mengo ilikuwa na kile ambacho serikali nyingi za mikoa hukililia: baraza lake la kutunga sheria, yaani Lukiiko, mahakama zake, maofisa wake, na ardhi iliyokuwa mikononi mwa watu wake. Aidha, ilikuwa na uwezo wa kumtetea mtu mdogo ilipotaka, au iliposukumwa. Sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoanza kutumika mwaka 1928, ilimwekea mwenye mailo kikomo cha kodi na ushuru wa mazao ambao angeweza kumtoza mkulima, na ikamlinda mkulima asifukuzwe ovyo. Ni mojawapo ya sheria muhimu sana za kulinda wapangaji wa ardhi katika historia ya eneo letu, na ilitoka katika baraza la mkoa.

Hata hivyo, sheria hiyo iliandikwa ikimfikiria mkulima mwenye shamba la migomba. Mpangaji wa chumba kimoja Kisenyi, mwenye kazi ya kibarua na asiye na mgomba hata mmoja, hakuwa mbele ya macho ya watunga sheria. Tena wengi wa wakubwa waliokaa Lukiiko walikuwa wenyewe ni wenye mailo. Kupunguza kodi ya vyumba vya mjini, au kumlazimisha mwenye ardhi kuchimba vyoo na kuacha njia za kupita, kungewagusa mifukoni mwao.

Kisenyi na Nakawa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti Aidan Southall na Peter Gutkind waliingia Kisenyi na Mulago kuchunguza maisha ya watu wa mjini, na kitabu chao kilitoka mwaka 1957. Kisenyi wanayoieleza ni mahali pa vyumba vilivyobanana, vya udongo na mabati, ambamo watu wa makabila mengi walipanga, wakafanya biashara ndogondogo na kuuza pombe. Mwenye kibanja alijenga vyumba, akapangisha. Juu yake alikuwapo mwenye mailo, na juu ya wote serikali ya Mengo. Serikali ya Himaya ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, lakini kisheria ilikuwa nchi nyingine.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1945 serikali ya Himaya ilimwita Ernst May, msanifu Mjerumani aliyejulikana kwa kazi yake mjini Frankfurt na ambaye wakati huo aliishi Afrika Mashariki, aandae mpango wa kuupanua mji wa Kampala. Mpango wake wa mwaka 1947 ulitazama upande wa mashariki, kuelekea Kololo na Naguru. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianza kujenga mitaa ya nyumba za Waafrika: Nakawa kwa vibarua na wenye kipato kidogo, Naguru kwa wenye kipato cha juu kidogo. Nyumba hizo zilikuwa imara, zilipangwa kwa mstari, zilikuwa na maji. Lakini zilikuwa chache, na mpangaji alikaa kwa kanuni za serikali, si kwa haki yake mwenyewe.

Ukilinganisha sehemu hizi mbili utaona jambo la kusikitisha. Serikali ya Himaya ilikuwa na fedha na wataalamu, lakini iliwajengea wachache tu na kuwaachia jirani yake waliobaki. Serikali ya Buganda ilikuwa na ardhi na watu, lakini haikuwa na fedha za kutosha wala msukumo wa kuwajengea. Kila mmoja aliweza kumnyooshea mwenzake kidole, na kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Kampala fahali hawa hawakupigana kila siku, na mara nyingi walipeana mgongo tu, lakini nyasi ziliumia vilevile.

Lugha nayo ilifuata nyumba

Jambo moja ambalo wanahistoria wa mipango miji hulipita haraka linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Mgawanyiko wa nyumba ulizaa mgawanyiko wa lugha.

Kibuga kilikuwa mahali pa Luganda. Aliyetaka kupanga chumba, kushtaki au kushtakiwa, kununua kibanja au kuomba ruhusa ya chifu, alihitaji Luganda. Mgeni kutoka Rwanda, Burundi, magharibi mwa Kenya au kaskazini mwa Uganda alijifunza Luganda, na wengi walichukua hata majina ya Kiganda ili wakubalike. Kwa upande mwingine, katika nyumba za shirika la reli kule Nsambya, ambako mtafiti Ralph Grillo alifanya kazi katikati ya miaka ya 1960, Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano miongoni mwa wafanyakazi wa makabila mbalimbali. Reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na nyumba zake zilifuata kazi, hazikufuata ukoo. Naye David Parkin, aliyechunguza Nakawa na Naguru katika miaka hiyo, alikuta mitaa iliyojaa wahamiaji, wakiwemo Wajaluo na Waluhya wengi kutoka Kenya. Waganda wengi walipendelea kujenga au kupanga upande wa Mengo.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba sera ya nyumba huamua nani atakuwa jirani ya nani, na jirani huamua lugha. Tunapolalamika kwamba Kiswahili hakikupata mizizi Kampala kama kilivyopata Nairobi au Dar es Salaam, tusiishie kutaja siasa za elimu na chuki ya lugha ya askari. Tutazame pia ramani ya nyumba.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Methali ya kitanda na kunguni husomwa kana kwamba anayelala kitandani ni "mkoa". Mkoa haulali. Wanaolala ni watu, na katika vyumba vya Kibuga walilala watu wengi ambao Mengo haikuwahesabu kuwa watu wake. Walilipa kodi ya chumba, walifua, walipika, walizaa watoto hapo, lakini katika baraza lililoamua mambo ya ardhi hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Mtu akisema mamlaka yarudi kwa wenyeji, yafaa aulizwe mara moja: wenyeji ni akina nani?

Mpaka unafutwa

Uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 uliikuta Kampala ikipewa hadhi ya jiji, na Buganda ikiwa na uhusiano wa shirikisho na serikali kuu. Mgogoro wa nani mwenye ardhi ulipanda haraka. Tarehe 20 Mei 1966 Lukiiko ilipitisha azimio la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Siku nne baadaye jeshi liliishambulia ikulu ya Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme. Mwaka 1968 mipaka ya jiji ilipanuliwa, Mengo na maeneo mengine ya jirani yakaunganishwa na Kampala.

Hii ilikuwa nafasi ya upande wa pili wa mdahalo. Kama tatizo lilikuwa serikali mbili, sasa ilibaki moja. Shirika la Taifa la Nyumba lilikuwa limekwisha kuundwa mwaka 1964, na majengo yake ya ghorofa tunayaona mpaka sasa Bukoto, Wandegeya na Bugolobi. Lakini Kisenyi haikubadilika kwa sababu ya kufutwa kwa mpaka. Sababu ni rahisi: mpaka wa utawala ulifutwa, mpaka wa hati miliki ukabaki. Jiji liliweza kuchora ramani ya barabara juu ya ardhi ya mailo, lakini halikuwa na fedha za kumfidia mwenye hati, wala mwenye kibanja aliyekuwa juu yake.

Amri ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 1975, wakati wa Idi Amin, iligeuza mailo kuwa upangaji wa muda kutoka serikalini. Kwa karatasi, serikali kuu ikawa mwenye nyumba mkuu wa nchi nzima. Katika maisha ya kila siku watu waliendelea kuuziana na kukodishana kama zamani. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha mailo waziwazi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikamtambua mwenye kibanja kwa masharti maalumu na kuweka busuulu isiyozidi shilingi 1,000 kwa mwaka, kiwango kilichobadilishwa baadaye.

Wala serikali kuu haikuwa mlezi mwema zaidi kwa wageni. Mwaka 1970 wafanyakazi wa Kenya walifukuzwa Uganda kwa amri ya serikali kuu, na wengi wao walikuwa wapangaji wa mitaa kama Nakawa. Mwaka 2011 familia zaidi ya 1,700 ziliondolewa katika nyumba za Nakawa na Naguru, nyumba zikabomolewa kwa ahadi kwamba pangejengwa mji mpya wa kisasa. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo sehemu kubwa ya eneo hilo ilibaki bila nyumba zilizoahidiwa. Mkoa haukuhusika na uamuzi huo.

Federo na mamlaka yaliyogawanyika upya

Falme zilirudishwa mwaka 1993 kama taasisi za utamaduni, zisizo na mamlaka ya kiutawala. Madai ya Buganda ya mfumo wa federo hayakuisha. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliweka nafasi ya kuundwa kwa serikali za kanda, zenye majukumu kama shule za sekondari, hospitali za rufaa na barabara za kanda. Mengo iliukataa mpango huo ikiona kwamba ni federo kwa jina tu, na mpango haukutekelezwa. Kampala yenyewe iliwekwa chini ya serikali kuu. Sheria ya mwaka 2010 iliunda Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, lenye Meya Mkuu anayechaguliwa na wananchi na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Kwa mara nyingine mji mmoja ukapata wakuu wawili.

Wakati huohuo Buganda, ingawa haina serikali, ina ardhi. Bodi yake ya ardhi husimamia ardhi ya Kabaka, na mwaka 2017 ilianzisha kampeni iliyoitwa Kyapa mu Ngalo, yaani hati mkononi, ya kuwapa wenye vibanja hati za upangaji wa muda mrefu. Wengine waliipokea kwa furaha, wengine waliona kwamba mwenye haki ya kudumu anaombwa kununua haki yenye kikomo. Hatutaingia katika ugomvi huo. Inatosha kusema kwamba hii ni sera ya nyumba kwa kila hali isipokuwa jina, na inatungwa na chombo ambacho mpangaji hakukipigia kura. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, iliyoweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi na kukataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, ilitoka katika Bunge la taifa.

Majirani wanatufundisha nini

Ili tusidhani kwamba haya ni ya Kampala pekee, tutazame majirani wawili kwa ufupi.

Zanzibar iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, lakini ardhi na nyumba hazikuwa mambo ya Muungano. Serikali ya Mapinduzi iliitaifisha ardhi, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki ikajenga majengo ya ghorofa Kikwajuni na baadaye Michenzani, marefu kama treni, katikati ya Ng'ambo. Jina lenyewe Ng'ambo linakumbusha ule mpaka wa zamani kati ya Mji Mkongwe wa mawe na upande wa pili wa mkondo walikokaa watu wa kawaida. Hapa palikuwa na kile ambacho Kibuga kilikosa: ardhi, uamuzi na nia katika mkono mmoja. Familia nyingi zilipata makao bora kwa mara ya kwanza. Lakini nyumba za watu zilivunjwa kupisha majengo hayo, na mpango ulishuka kutoka juu bila mjadala. Kazi ilisimama mbali kabla ya kukamilisha ukubwa uliokusudiwa, na matengenezo yakawa taabu. Mkoa wenye nguvu zote unaweza kujenga, lakini si lazima usikilize.

Kenya ilichagua njia ya tatu. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na katika Jedwali lake la Nne sera ya nyumba iliwekwa kwa serikali ya kitaifa, huku nyumba zikiwekwa miongoni mwa kazi za kaunti chini ya mipango na maendeleo. Mwalimu wa sarufi ataona kwamba uzito wote umebebwa na neno moja, "sera". Nani anatoa wazo na nani anabeba tofali? Mwaka 2023 serikali ya kitaifa ilianzisha tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri akatakiwa kuongeza kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu iliikataa tarehe 28 Novemba 2023, na Bunge likairudisha kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024. Kisa hicho kinaonyesha kwamba kugawana kazi kwa maandishi hakutoshi. Mwenye kukusanya fedha ndiye mwenye sauti kubwa, hata kama kazi imeandikwa kwa jina la mwingine.

Hitimisho

Turudi kwenye hoja. Je, serikali za mikoa ziwe na mamlaka juu ya sera ya nyumba? Kwa maoni yetu, ndiyo, kwa sababu nyumba hujengwa juu ya ardhi, na ardhi ya Buganda si ya Karamoja, wala ya Karamoja si ya Kigezi. Sheria moja ya ardhi kutoka mji mkuu haiwezi kuzijua desturi zote za umiliki. Sheria ya mwaka 1928 inathibitisha kwamba baraza la mkoa linaweza kumlinda mtu mdogo kwa lugha anayoielewa na kwa vipimo anavyovijua.

Lakini ndiyo hiyo ina masharti, na masharti hayo tumeyasoma kutoka katika historia. Mkoa usipewe wajibu bila fedha, maana huko ni kuugawia lawama. Usipewe mamlaka juu ya nyumba huku ardhi ikiwa chini ya mwingine, maana utakuwa unachora ramani hewani. Na zaidi ya yote, mamlaka hayo yasiishie kwa wenye ardhi na wenye asili ya mahali. Mpangaji wa muzigo, awe Mganda, Mwacholi, Mnyarwanda au Mjaluo, awe na kura na mwakilishi katika baraza linalopanga kodi yake. Mahali ambapo mkoa hauko tayari kumhesabu, sheria ya taifa ibaki kama ngao yake ya chini kabisa: asitolewe bila mahakama, asinyimwe chumba kwa sababu ya kabila lake.

Kwa walimu wenzetu, tunapendekeza kwamba hoja hii itakapojadiliwa tena, wanafunzi watengwe makundi manne badala ya mawili. Kundi moja liwe serikali kuu, la pili serikali ya mkoa, la tatu wenye mailo na wenye vibanja, na la nne wapangaji. Kundi la nne lizungumze kwanza. Wanafunzi wapewe pia kazi ya kukusanya maneno ya nyumba katika mitaa yao, kama haya ya kibanja, busuulu na muzigo, na kueleza haki na wajibu uliofichika ndani ya kila neno. Tusiridhike na tafsiri za kamusi peke yake, kwa kuwa ndani ya maneno hayo mna sheria ambazo watu wameishi nazo kwa zaidi ya miaka mia moja.